Hongo ya Propela

Ndahani huwa hapigi simu. Tangu nimfahamu, mambo yake yote ni ujumbe mfupi wa neno moja au mawili: "Umefika?" "Nimekula." "Sawa." Kwa hiyo asubuhi ile nikiwa kibandani kwangu pale Igunga, karibu na stendi, nimeinama juu ya simu ya mteja iliyodumbukia kwenye ndoo ya maziwa, nikaona jina lake linaita, nikajua kuna jambo hata kabla sijapokea. Akasema, "Kalunde, Mzee amepumzika." Akavuta pumzi, akaendelea, na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kutoka kwake kwenye simu: "Mama anasema watu wamejaa, wanalia vizuri tu, lakini msiba umepoa. Hakuna mtani hata mmoja. Anasema uje na vurugu zako zote, usibakize."

Mzee Nhonya, baba yake Ndahani, alikuwa Mgogo, mimi Mnyamwezi, na hapo kuna habari ya kale ambayo bado inatufanya tusiheshimiane. Zamani babu zetu walikuwa wapagazi, wanabeba mizigo kichwani kutoka huku kwetu mpaka pwani, na njia yao lazima ipite Ugogo. Sasa Ugogo maji yalikuwa na mwenyewe. Unataka kunywa? Toa hongo: kitambaa, shanga, jembe, chochote ulichobeba. Wakagombana wee, wakachoka, mwisho wakaona nafuu wacheke. Ndiyo utani huo. Mpaka leo Mgogo akifiwa, Mnyamwezi ana ruhusa ya kuingia pale msibani akaficha viatu vya watu, akamwigiza marehemu anavyokohoa, akakalia chakula cha wageni, na yeyote atakayekasirika ndiye ataonekana hana adabu. Nikafunga kibanda. Mwenye simu ya maziwa akalalamika, nikamwambia aitumbukize kwenye mchele na yeye apumzike, mimi nina msiba wa kwenda kuuharibu. Akafikiri nimechanganyikiwa. Njiani, kuanzia Nzega mpaka Tabora, nilikuwa nacheka na kufuta machozi kwa mkono uleule, na mama niliyekaa naye akahama kiti.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule niliokaa Kigwa kwa shangazi yangu. Nilifikaje Kigwa na kwa nini nilifukuzwa nilikokuwa, hiyo ni habari nyingine na haina ndege ndani yake. Nilikuwa binti mwenye mdomo na hasira, sina kazi, ninajifundisha kutengeneza simu kwa kuzifungua za watu na kuomba Mungu zifungike. Nyumba ya Mzee Nhonya ilikuwa ya pili kutoka kwa shangazi. Alikuwa amestaafu reli, na sebule yake ilikuwa kama behewa lililokataa kuondoka: viti vya mninga vizito mpaka ukitaka kufagia unaita msaada, vitambaa vya kufuma vya Mama Ndahani juu ya kila kitu kisichotembea, taa ya reli yenye kioo chekundu na cha kijani imening'inia msumarini, na saa ya ukutani ambayo haikuwahi kupatana na saa nyingine yoyote duniani, lakini ukimwambia Mzee imekosea anakujibu, "Hizo nyingine ndizo zimechelewa." Katikati ya sebule hiyo, kwenye meza ya kulia, mwanawe Ndahani alikuwa anajenga ndege.

Siyo ya kupanda. Ya kuongozwa kwa rimoti, upana wa mabawa kama mtu aliyenyoosha mikono. Mwili wake ulikuwa yale mapovu meupe yanayokuja na tivii mpya. Ndahani alikuwa akienda mjini Tabora anazunguka madukani kuyaomba, na kwa kuwa alikuwa hawezi kuongea na watu asiowajua, alikuwa anayaonyeshea kidole tu, wakawa wanampa kwa kumhurumia. Mifupa ya ndege ilikuwa vijiti vya mishikaki. Mota, ndogo kama kizibo cha chupa ya dawa, ilikuja kwa basi kutoka Dar pamoja na rimoti na propela chache za plastiki. Propela hizo ndizo zilizonitesa. Nyembamba, nyeusi, na huku kwetu hakuna anayeziuza. Ikivunjika moja, unaagiza Dar, unasubiri basi, unaambiwa mzigo umepitiliza Mwanza, unasubiri tena. Usiku tulikuwa tunakula ugali na mlenda bawa likiwa limeegemea bakuli, na Mama Ndahani anasema, "Siku moja mtatafuna kipande cha hiyo kitu mseme ni nyama." Mimi najibu, "Mama, kwenye mlenda huu hata nyama ingeteleza ikatoroka." Mzee anachekea puani. Anasema, "Mlisheni huyo mpagazi, kesho ana safari ndefu."

Rubani nilikuwa mimi. Ndahani aliijenga, lakini akishika rimoti mikono inamtetemeka kama anapepeta mchele. Nikamwambia, "Leta hapa. Nimeangalia video zote." Na kweli nilikuwa nimeziangalia, bando la shangazi likaisha na shangazi akanisema wiki nzima. Kwenye video ni rahisi sana. Kijiti cha kushoto ndicho cha moto: ukipandisha, mota inakimbia, ukishusha, inazima. Kijiti cha kulia ndicho cha kuielekeza. Basi. Mtoto angeweza.

Kiwanja chetu kilikuwa shamba la Mzee, ng'ambo ya reli, tambarare, kiangazi limebaki vumbi na mashina ya mtama. Katikati yake kinapita kijinjia ambacho wazee wa Kigwa wanasema ndicho kilekile cha misafara ya zamani, na Mzee Nhonya aliposikia habari hiyo hakulala. Siku tuliyokwenda kurusha mara ya kwanza tukamkuta ameshatangulia na kiti chake, amekaa katikati ya kijinjia, kofia ya reli kichwani. Akanyoosha mkono. "Msafara! Simama!"

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Hongo."

"Hongo ya nini? Humu hakuna hata kisima!"

"Kuna hewa. Hewa ya humu ni yangu. Hicho kidudu chenu si kinataka kupita hewani?"

Mfukoni nilikuwa na michembe, viazi vya kukaushwa vya shangazi. Nikampa kipande. Akakiangalia, akasema wapagazi wa zamani walikuwa wanatoa vitu vya maana, akakitia mdomoni, akasogeza kiti tukapita. Kuanzia siku hiyo hatukuwahi kuingia shambani bure. Michembe, karanga, asali kidogo kwenye jani, siku moja nilimpa kitufe cha shati langu kwa hasira na akakipokea kwa mikono miwili.

Ndahani akairusha kwa mkono, ikapanda. Nakuambia ikapanda! Nilipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Ikaenda mbali, ikawa kama kunguru mweupe, nikaigeuza irudi, na hapo ndipo niligundua kitu ambacho video hazikunieleza vizuri: ndege ikiwa inakuja kwako, kulia kwake siyo kulia kwako. Nasukuma huku, yeye anakwenda kule. Nasukuma zaidi, anazidi. Pua ikaangalia chini. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Ndahani, neno moja, "Achia!" Maana yake shusha kijiti cha moto, zima mota, maana propela iliyosimama ikigusa ardhi inaweza kupona, lakini inayozunguka haiponi. Mimi nilifanya nini? Nikakisukuma kijiti mpaka juu kabisa. Sijui kwa nini. Nikiogopa mimi naongeza. Ta! Vumbi. Mzee akainuka kwenye kiti chake, akatembea taratibu mpaka pale, akaokota nusu ya propela, akaipuliza vumbi.

"Hii iliyofia kwangu ni ya kwangu," akasema, akaitia mfukoni.

Akaitoboa kwa msumari wa moto, akaitundika kwenye waya barazani. Ya pili ikafuata, na ya baada ya hiyo. Ule waya ukawa unajaa. Upepo ukivuma jioni propela zinagongana, kachakacha, kachakacha, na mimi nikiwa kwa shangazi nasikia kabisa kwamba zinanicheka. Wageni wakimuuliza Mzee ni nini anasema, "Meno ya Mnyamwezi. Anayaacha kwangu kila akija."

Zile za Dar zilipokaribia kuisha, Ndahani akaficha moja ya mwisho kwenye kopo la chai na kuchonga nyingine kwa mninga. Siku nzima amekaa na kisu, anaipima kwenye ncha ya sindano isilalie upande. Ikawa nzuri mpaka nikataka kuivaa shingoni. Na kweli haikuvunjika. Propela ya mninga haivunjiki, inavunja vingine. Ilipogonga ardhi ekseli ya mota ikapinda, pua ya ndege ikang'oka, betri ikaruka ikampiga beberu. Mzee alipofika akaokota propela, nzima, inang'aa, akasikitika. "Hii sasa siwezi kuidai." Ndahani akainyoosha ekseli kwa nyundo na subira. Tukajaribu ya plastiki ya dumu: laini, inajikunja hewani, ndege inatembea chini kama bata. Tukajaribu kutua kwenye majani marefu, lakini kiangazi majani marefu Kigwa unayatoa wapi. Kila mara ni lilelile. Ndahani "Achia!" na mimi nasukuma juu.

Jioni moja nilikuwa nyuma ya nyumba yao naosha vyombo, dirisha la chumbani liko wazi, nikasikia Mzee anaongea na mkewe taratibu, sauti ambayo hakuwahi kuitumia mbele yangu.

"Yule mtoto ana jicho zuri. Anaiona ndege kabla haijageuka. Ila akiogopa anaongeza moto."

"Kama nani vile?" Mama Ndahani akauliza.

"Mimi nimeacha."

"Umeacha lini? Jana umegombana na redio."

Nikabaki nimeshika sufuria. Nilikasirika sana, nikataka kuingia ndani nimwambie kwamba mimi siogopi na siongezi moto, halafu nikagundua nimeshalisugua lile sufuria mpaka mpini umelegea.

Sasa kukawa na baba mdogo wa Ndahani, mdogo wake Mzee, mwenye duka Dodoma. Akaja kiangazi kikielekea kuisha, mtu wa shati la kunyooshwa, anakula mlenda kwa kijiko. Alikuja kumchukua Ndahani akamuuzie dukani. Ndahani alikuwa na shauri lake: kulikuwa na fundi wa mota na pampu mjini Tabora aliyekuwa tayari kumpokea akajifunze. Alikuwa hajamwambia baba yake, maana kusema kwake kazi. Nilijua mimi tu. Tukiwa mezani, baba mdogo akaliangalia bawa, akaliinua kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Kaka, huyu kijana wa kiume, ndevu hizo, anacheza midoli? Hata hairuki. Nani atampa kazi huyu? Mpeni mimi, angalau atajua kupima sukari."

Ndahani akainamisha kichwa. Mimi nikasimama. Tonge la ugali liko mkononi, mlenda unachuruzika mpaka kwenye kiwiko, nikasema mambo ambayo mengine siwezi kuyaandika. Nikasema huyu mnayemwita mcheza midoli amepima propela ya mti kwenye ncha ya sindano, na wewe baba mdogo hata mizani ya dukani kwako inadanganya, nimeshasikia. Sikuwa nimesikia chochote. Nikasema ndege itaruka, itazunguka shamba lote, na itarudi miguuni kwa Mzee propela ikiwa nzima, na kuna fundi mjini anamsubiri Ndahani, na asipokwenda kwa fundi huyo mimi sili tena nyumba hii. Ndipo nikagundua nimeitoa siri ya rafiki yangu mbele ya baba yake. Ndahani alikuwa ananiangalia. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mzee akaosha mikono polepole. "Lini?"

"Lini nini?"

"Itarudi lini miguuni kwangu? Mvua ya kwanza ikidondoka mimi nalima. Nikishalima hakuna kiwanja. Basi, kabla ya mvua ya kwanza. Isiporudi nzima, kijana anaondoka na baba yake mdogo, na hicho kidudu nakisimamisha kwenye mtama kitishe ndege wenzake. Na wewe utanibebea mavuno kichwani kama babu zako."

"Na ikirudi?"

Meza nzima ikamwangalia. "Ikirudi, kijana anakwenda kwa huyo fundi. Na mimi Nhonya, mtoto wa Ugogo, nitabeba mzigo wako kichwani, kutoka stesheni mpaka sokoni, mchana, watu wakiona."

Mama Ndahani akaangusha bakuli kwa kicheko. Mgogo kumbebea Mnyamwezi! Baba mdogo tu ndiye hakucheka, akaondoka na treni, akasema atarudi mvua ikinukia.

Nilikonda. Propela nzima imebaki ile moja ya kwenye kopo la chai, na kuagiza nyingine hakuna muda. Ndahani kila akipita ananiwekea karanga mkononi, ndiyo namna yake ya kuomba. Halafu siku moja Mzee anatoka kuchukua asali, ndoo ya mfuniko imefungwa kwenye keria ya baiskeli kwa kamba za tyubu, zile za mpira tunazokata kwenye tairi za zamani. Mbele ya nyumba baiskeli ikazama mchangani, ikaanguka ubavu. Mama akapiga yowe, "Asali!" Nikakimbia. Ndoo ilikuwa imelala upande, tyubu imenyooka, na tulipoinua baiskeli, ndoo yenyewe ikarudi mahali pake, tii. Hata tone halikumwagika. Mzee anatukana mchanga, na mimi nimesimama nimeshika tyubu naivuta na kuiachia, naivuta na kuiachia. "Ndahani!" nikaita. "Ndahani, tumekuwa wajinga!"

Kumbe tulikuwa tunaikaza propela kwa nati kama gurudumu la lori. Tukaitoa nati. Tukaiegesha propela kwenye ekseli, tukaifunga kwa kipete chembamba cha tyubu ya baiskeli. Ikizunguka angani, imekaa. Ikigonga kitu, inalala pembeni, halafu inarudi. Ndahani aliijaribu mezani kwa kidole, akacheka kwa sauti, na Mama akatoka jikoni kuangalia nani amekuja.

Lakini mpira nao una mwisho wake. Mota ikiwa imewaka mpaka juu, hakuna tyubu ya kuokoa propela. Hilo lilikuwa langu. Nikawa nafanya mazoezi bila ndege: nimekaa kwa shangazi na rimoti iliyozimwa, shangazi ananishtua kwa makusudi nyuma ya mlango, na mimi natakiwa nishushe kidole badala ya kupandisha. Wiki nzima shangazi alinirushia ndala, mwiko, siku moja kuku mzima. Alifurahia kuliko nilivyotarajia.

Mvua ikanukia, baba mdogo akashuka na treni. Begi la Ndahani likawekwa mlangoni. Mchana ule wingu jeusi limesimama upande wa Tabora, upepo unakuja na kuacha, na Kigwa nzima iliyokuwa haina kazi ilikuwa shambani. Mzee yuko kwenye kiti chake, katikati ya kijinjia. Akapokea hongo kwa kila aliyeingia, hata baba mdogo alitoa kitambaa chake cha jasho. Mimi akanikagua mikono. "Leo huna kitu?"

"Nitakulipa nikirudi."

"Ndivyo walivyokuwa wanasema."

Ndahani akairusha. Sitaki kusema niliruka vizuri, niliruka kwa kusali. Nikaipeleka mpaka kwenye mninga wa mwisho, nikaigeuza. Nilikuwa nimeshajifunza: ikija kwangu, bawa likilalia upande, nasukuma kijiti upande uleule lililolalia, basi, bila kufikiria kulia ni wapi. Ikazunguka shamba lote, watu wanaihesabia miti kwa sauti. Kisha upepo ukaisukuma mgongoni, ikaja mbio, inaelekea kwenye kiti. Watu wakatawanyika. Mama Ndahani akalia, "Baba Ndahani, toka hapo!" Mzee akakunja mikono. "Mwenye njia hampishi mpagazi." Ndege inakuja usawa wa kifua chake, kidole kimeshaanza kupanda, nakiona kinapanda. Ndahani hakupiga kelele. Alikuja karibu na sikio langu, akasema taratibu, "Achia."

Nikaachia.

Mlio ukakatika. Ndege ikashuka yenyewe, ikateleza juu ya vumbi, ikagonga makatambuga ya Mzee, viatu vyake vya tairi, propela ikalala kwenye ugoko wake, na ikarudi mahali pake. Tii. Mzee akaiokota. Akaizungusha kwa kidole. Akaiangalia kwenye mwanga. Akaing'ata! Tone la kwanza likadondoka kwenye kofia yake, akaangalia juu, akaangalia propela.

"Nzima," akasema.

"Kwa hiyo?" akauliza baba mdogo.

"Kwa hiyo kamwingizie kijana begi lake ndani, mvua itamlowanishia nguo."

Ndahani akaenda kwa fundi. Leo ana karakana yake Tabora, na watu wanaleta pampu kutoka Urambo. Mimi nilipohama Kigwa, Mzee alikuwa bado hajanibebea mzigo. Mwaka wa kwanza alisema shingo inauma. Mwaka wa pili akasema shingo ya Kigogo haikuumbwa kukaa chini ya kata ya kubebea mzigo. Kila nikija kumsalimia, tukimaliza shikamoo na marahaba, namuuliza, "Mzigo wangu?" Anajibu, "Mwakani." Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, amekuwa mdogo kama mto aliolalia. Sikutaka kuuliza. Akanifumbulia jicho moja. "Mbona huniulizi?" Nikauliza. Akasema, "Napasha misuli."

Basi niliposhuka Kigwa sikuingia kulia. Nilipita mlango wa nyuma, nikachukua kofia yake ya reli, koti lake, nikatoa kiti chake nje nikakiweka katikati ya njia, nikakaa namna yake, mguu mmoja umenyooka. "Msafara! Simama!" Waombolezaji waliokuwa wamepoa wakaanza kuamka. Kila aliyepita akatoa hongo. Mchungaji alitoa peremende. Baba mdogo, sasa mzee mwenye mvi, akanitazama, akavua kiatu cha kushoto mwenyewe bila kuombwa. Nikakohoa kama Mzee, nikagombana na redio kama Mzee, nikawaambia saa zao zimechelewa, na Mama Ndahani akawa analia na kujipiga mapaja kwa kicheko, anasema, "Ndiye! Ndiye huyo!"

Kisha wakatoa jeneza. Kaburi lilikuwa kule ng'ambo ya reli, pembeni ya shamba. Nikainuka, nikasimama katikati ya njia, mikono nimeitanua.

"Haendi mtu. Huyu ana mzigo wangu hajabeba. Kutoka stesheni mpaka sokoni. Aliapa akiwa mezani, mlimsikia."

Waliombeba wakashusha. Watu wakaguna, wengine wakacheka, Mchungaji akafunga kitabu akasubiri, maana na yeye anaujua utani huu. Mama Ndahani akainuka kwenye mkeka. Akaingia barazani, akakaa kidogo, akatoka na ule waya. Propela zote. Zimeiva kwa moshi na miaka, nyingine zina utando wa buibui.

"Huu hapa mzigo wako," akasema. "Muulize mwenyewe kama anauweza."

Nikauchukua. Nikauweka juu ya jeneza, upande wa kichwa. "Haya, Mzee. Beba. Na usiuangushe." Watu wakacheka kicheko kile kinachokuja na kamasi. Nilitaka kurudi nyuma niwapishe, ndivyo inavyotakiwa, lakini mkono wangu ulikuwa umeshika ule waya na hautaki kutoka. Nikaubana zaidi. Nilikuwa naubana mpaka propela moja inanikata kidole, wabebaji wananisubiri, wingu limesimama upande wa Tabora, na mimi nimekaza tu.

Ndahani alikuwa mmoja wa wabebaji, bega la mbele. Akainama karibu na sikio langu.

"Kalunde," akasema. "Achia."

Nikaachia. Msafara ukapita, kachakacha, kachakacha, mpaka ng'ambo ya reli. Baba mdogo akabaki amesimama kando yangu na kiatu kimoja, akaniuliza kwa adabu kama sasa anaweza kurudishiwa kile kingine. Nikamwambia mwakani.